Saba Mbili Katika Mstari Mmoja

Mpwa wangu hucheza sudoku kwenye simu. Akikosea, tarakimu hugeuka nyekundu papo hapo, naye hucheka na kujaribu nyingine. Mimi siwezi kucheza namna hiyo. Hununua kijitabu, nikachonga penseli ya mbao, na kabla sijaandika chochote, harufu ya yale maganda membamba, kavu na tamu kidogo, huwa imekwisha kunirudisha Kolwezi, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Hunirudisha kwenye alasiri moja tu, ile niliyokaa nimeficha penseli mpya nyuma ya mgongo, huku kaka yangu akiwa chini ya ardhi akimtafuta mtu ambaye mimi nilikuwa nimemwona juu ya ardhi.

Baba yangu alikuwa mtunza taa. Kila mchimbaji wa shimo letu alikuwa na namba yake, iliyogongwa kwenye kibati cha shaba kisichozidi ukubwa wa kifuniko cha chupa. Alipoingia zamu alikitoa kibati dirishani, akapewa taa yenye namba hiyohiyo, na baba akakitundika kibati kwenye ubao mkubwa ukutani, kila namba na msumari wake. Alipopanda alirudisha taa, akarudishiwa kibati. Msumari wenye kibati ulikuwa mtu aliye chini; msumari mtupu, mtu aliyerudi kwa watu wake. Baba hakutoka kazini mpaka ubao wote uwe mtupu. Kwa hiyo hatukuweza kujua kwa saa kwamba anakuja. Tulijua kwa harufu ya asidi ya betri na ya mpira, iliyotangulia kuingia mlangoni kabla yake.

Mchezo ulitufikia ndani ya boksi. Mama mmoja Mmarekani wa misheni alikuwa anahama, akagawa alivyoshindwa kubeba, na baba, aliyekuwa mzee wa kanisa, akapata boksi la magazeti. Moja lilikuwa la mafumbo. Kiingereza hakuna aliyekijua nyumbani, lakini katikati ya maneno yale tuliyoyapita kama mtu apitavyo nyumba za watu asiowajua, palikuwa na kurasa zenye tarakimu peke yake: mraba mkubwa wenye miraba midogo tisa, na katika kila mmoja vyumba tisa, vingine vimejazwa, vingi vitupu. Baba aliutazama ukurasa wa kwanza kwa muda mrefu, bukari, ugali wetu, ikipoa mbele yake. Kisha akasema kwamba watu wale walikuwa wamechora ubao wake. Tangu hapo tuliuita mchezo tablo, kama alivyouita ubao wake wa kazini. Jina la sudoku nilikuja kulisikia ukubwani, nikashangaa kwamba dunia nzima ilikuwa na kitu nilichodhani ni chetu.

Kurasa za mwisho zilikuwa na majibu, na humo baba alisoma sheria: kila tarakimu, moja hadi tisa, mara moja tu katika kila mstari, kila safu na kila mraba. Baba alizikata kwa wembe, akazipeleka kazini, akazifungia kabatini mwake. Gazeti lenyewe hatukuruhusiwa kuandika ndani yake mpaka tuwe tumemaliza fumbo mahali pengine, kwa hiyo nilinakili kila mraba juu ya karatasi ya mfuko wa sementi, ile ya khaki yenye vumbi lisilokwisha, nikichora mistari kwa upande wa sanduku la viberiti. Fumbo la kwanza lilituchukua majuma mawili. Nilikuwa natafuta tarakimu ya kuweka katika chumba. Ndivyo kila anayeanza anavyofanya, na ndivyo anavyochoka. Ilinichukua muda kugundua kwamba swali huulizwa kinyume: si kwamba chumba hiki kinataka nini, bali tarakimu hii imekatazwa wapi. Ukishazifuata, tuseme, tarakimu zote za nne zilizokwisha kuandikwa kwa kidole, kwa mstari na kwa safu, zinakuzibia njia zote isipokuwa moja. Baadaye nilijifunza kuandika vitarakimu vidogo pembeni ya chumba, kama minong'ono, na kuvifuta kimoja kimoja. Zilipofika mvua za mwaka ule nilikuwa namshinda baba, naye hakuficha kwamba alifurahi.

Jambo moja tu hakunivumilia.

"Hii nane, uliijua ao uliiwaza?" aliniuliza jioni moja, kidole juu ya karatasi.

"Niliwaza, tata. Lakini iko ya kweli."

"Futa."

"Tata, iko ya kweli. Angalia, yote inaenea."

"Nilisema futa. Kama haujue, acha fasi bule. Fasi bule haiue muntu. Namba ya kuwaza njo inaua."

Yaya Kasongo, kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa mchimbaji na mmoja wa timu ya uokoaji, alicheka mpaka akaweka chini kikombe chake. "Tata, uchunge. Ule mutoto atakamata kazi yako. Atafungia bantu mu shimo juu ya tisa mbili."

"Mi nilitaka wa kujua kupika bukari," mama akasema, "haina wa kujaza tumadirisha."

Nilifuta ile nane mbele yao, nikaacha nafasi tupu. Lakini lazima nikiri kwamba sikuamini. Nilikuwa nimegundua raha ya kubahatisha na kupatia, na hakuna kosa baya kuliko lile linalotoa jibu sahihi, maana halikufundishi kuogopa. Mara kwa mara, baba asipokuwapo, niliruka. Niliandika tarakimu kwa sababu ilipendeza pale, au kwa sababu nilichoka, kisha nikajenga mengine juu yake. Mara nyingi yalisimama.

Siku ile nilitoka shule saa sita, nikakaa kwenye kizingiti cha robine, bomba la maji la mtaa wetu, pale saruji ilipobaki baridi. Nilikuwa na fumbo la ukurasa wa mwisho, gumu kuliko yote, na kipande cha penseli kifupi hivi kwamba nilikichomeka kwenye tete ili nipate pa kushika. Mlango wa jirani ukafunguka, akatoka Tata Mwepu akisukuma baiskeli.

Tata Mwepu alikuwa namba mia mbili na kumi na nne. Watoto wa mtaani tulizijua namba za baba zetu kama tulivyojua majina yao. Alikuwa baba wa rafiki yangu Ngoie, mtu wa utani, na wakati ule alipaswa kuwa zamuni pamoja na wenzake wa asubuhi. Nyumba yake ilikuwa tupu, mkewe na Ngoie wamekwenda sokoni. Lakini yeye alikuwa amevaa shati jeupe la Jumapili, nywele zimechanwa na kupakwa mafuta. Akaiingiza baiskeli kwenye tope la robine, akanawa mikono, akainama kuangalia karatasi yangu.

"Profesa, ile kreyo yako inabakia kama jino ya muzee."

"Njo ile tu niko nayo, tata."

Akatia mkono mfukoni, akatoa penseli ndefu, ya njano, haijachongwa, yenye raba upande mmoja. Sijui aliipata wapi wala alimkusudia nani. Akaniwekea juu ya karatasi.

"Kamata. Lakini leo haukuniona, ee?"

"Juu ya nini, tata?"

"Juu leo niko mu shimo." Akacheka, akapanda baiskeli, akashika njia ya mjini bila kugeuka.

Niliichonga penseli kwa wembe. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia ile harufu ikitoka kwenye penseli yangu mwenyewe. Na kwa kuwa penseli ilikuwa mpya, inaandika kwa weusi, na inateleza, nilipofika mahali fumbo lilipokataa kusonga sikungoja. Niliandika saba katika mraba wa kati. Ilikaa vizuri. Ikaleta mbili, mbili ikaleta tisa, nikaenda kama maji ya mfereji, na baada ya muda mfupi nikawa nimejaza karatasi nzima. Mstari wa mwisho ulikuwa na saba mbili, na nne haikuwamo.

Nilikuwa ningali nazitazama hizo saba mbili king'ora kilipolia. Kile cha mwisho wa zamu tulikuwa tumekwisha kukisikia. Kilikuwa kimoja na kirefu. Hiki kilipanda, kikakatika, kikapanda tena, kikakatika. Wanawake walitoka milangoni na mikono yenye unga. Hakuna aliyeuliza. Kila mmoja alisimama mlangoni pake na kungoja mtumishi wa lango aje, na kila mmoja, namna nilivyowaona, alikuwa akiomba kwamba mtu yule aupite mlango wake.

Aliupita wetu. Alisimama kwa Mama Ngoie.

Mwamba ulikuwa umeshuka baada ya baruti ya mwisho wa zamu, alisema. Watu walikimbia, wakapanda, wakarudisha taa. Kwenye ubao kilibaki kibati kimoja: mia mbili na kumi na nne. Timu ya uokoaji ilikuwa imekwisha kuingia. Kisha akamtazama mama yangu. "Na mutoto yako Kasongo iko ndani yao. Mwamba ingali inalia. Muombe."

Sikuelewa mara moja. Niliyaweka maneno yake pamoja polepole, kama tarakimu. Tata Mwepu alikuwa chini. Baba alikuwa amesema hivyo kwa ubao wake, na ubao wa baba ulikuwa kitu cha kwanza nilichofundishwa duniani kwamba hakisemi uongo. Kumbe basi niliyemwona pale robine alikuwa nani?

Jibu nililipata haraka, na ndilo nililolisadiki kwa muda ambao hadi leo siwezi kuupima. Mama alikuwa ametusimulia mara nyingi habari za mjomba wake wa Sandoa, aliyeonekana njiani akiwa amevaa nguo nyeupe, akasalimu watu, akaenda zake, na jioni habari ikafika kwamba alikuwa amekwisha kufa tangu alfajiri kwenye kijiji kingine. Wafu, alisema mama, huja kuaga. Mwenye bahati huwatambua, mwenye hekima hasemi. Nikaliona lile shati jeupe. Nikayasikia yale maneno: leo niko mu shimo. Alikuwa amenieleza mwenyewe. Penseli niliyoishika ilikuwa imetoka kwa mtu aliyelala chini ya mwamba, na alikuwa ameniagiza nisiseme.

Niliingia kwa Mama Ngoie kwa sababu mama aliingia, na nikakaa ukutani, penseli nyuma ya mgongo. Wanawake walikuwa wamekwisha kutandika mikeka. Hawakulia bado kwa sauti. Ulikuwa mlio wa chini, wa kungoja ruhusa. Ngoie alikaa katikati ya magoti ya mama yake, macho makavu, ameutazama mlango. Mama yangu alijifunga kitambaa kiunoni mara mbili, kama mwenye safari, na kila baada ya muda mfupi alikifungua na kukifunga upya.

Mtu mwingine akaja kutoka langoni. Mwamba ulikuwa umeshuka tena kidogo, mbele ya timu, si juu yao. Walikuwa wanachimba kwa mikono. Kasongo alikuwa mbele, kwa sababu ndiye aliyekuwa mwembamba.

"Bamwite, arudie," mama akasema, si kwa mtu yeyote.

"Muntu iko ndani, mama," yule mtu akamjibu kwa upole. "Hatuwezi kuacha muntu."

Nilitazama chini ili nisimwone mama. Karatasi ya sementi ilikuwa mapajani pangu, na saba mbili zilikuwa palepale. Baba alikuwa na maneno juu ya hilo pia. Namba ikitokea mara mbili, alisema, mjinga hufuta ile ya mwisho aliyoiandika, kwa sababu ndiyo inayomwaibisha. Lakini ya mwisho haina kosa; yenyewe ilisukumwa tu. Rudi nyuma, utafute ile uliyoiandika bila kuona.

Mtu mmoja hawezi kuwa mahali pawili. Namba mia mbili na kumi na nne ilikuwa chini, na ilikuwa pale robine. Mimi nilikuwa nimefuta ile ya robine, maana ndiyo ya mwisho, na ndiyo iliyoniogopesha. Sasa nilijiuliza kwa mara ya kwanza: nani alimwona chini? Baba aliona kibati. Yule wa langoni alimsikia baba. Wanawake walimsikia yule wa langoni. Katika kambi nzima, aliyemwona Tata Mwepu mwenyewe kwa macho siku ile alikuwa mimi.

Lakini macho yanaweza kuona mzimu. Nilitoka mbio mpaka robine. Ndoo na miguu ya wanawake ilikuwa imelivuruga tope karibu lote, ila upande wa ukuta, mahali pasipokanyagwa, palikuwa na mstari mmoja wa tairi, safi, urefu wa mkono wangu, na ndani yake ile alama ya kiraka ambayo tairi ya nyuma ya Tata Mwepu iliacha kila mahali na ambayo mimi na Ngoie tulizoea kuifuata kama mchezo. Niligusa. Ukingo wa tope ukavunjika chini ya kidole changu. Hakuna aliyewahi kunisimulia kwamba wafu wana viraka.

Kutoka kambini hadi lango la shimo ulikuwa mwendo wa dakika chache kwa mtu mzima. Nilikimbia nikiwa na penseli mkononi. Mlinzi wa lango alinyoosha mkono kunizuia.

"Weye, hapa haina soko ya bitumbula."

"Ninatafuta tata. Wa ku lampe."

"Tata yako iko na kazi leo. Rudia kwa mama."

Nikapita chini ya mkono wake. Alinifuata akitukana, lakini alikuwa mnene, na dirisha la baba lilikuwa karibu.

Mbele ya dirisha palikuwa na wanaume wengi, wamesimama, weusi kwa vumbi. Nilipenya katikati yao. Baba alikuwa amesimama nyuma ya meza, mgongo kwetu, anautazama ubao. Sijawahi kuona kitu kitupu kama ubao ule: safu kwa safu za misumari isiyo na kitu, na katikati, chini kidogo ya mkono wa baba, kibati kimoja.

"Tata," nikasema. "Tata Mwepu haina mu shimo. Nilimuona."

Aligeuka. Uso wake haukuwa wa baba yangu.

"Ulimuona na macho, ao unawaza?"

"Na macho."

"Fasi gani?"

"Ku robine. Na velo. Alivaa shemizi mweupe. Alinipatia hii." Nikainua penseli.

"Saa gani?"

"Kisha masomo. Jua ilikuwa juu ya kichwa."

Baba hakuitazama penseli. Aligeuka tena kwa ubao, akaweka kidole juu ya kibati kama alivyoweka kidole juu ya tarakimu zangu nyumbani. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma:

"Asubui Sakatu alileta bibati mbili, nikamupatia lampe mbili. Akasema, Mwepu ananifuata nyuma."

Nyuma yangu mtu alianza kulia. Alikuwa Sakatu mwenyewe, mwenzake Tata Mwepu wa kila siku, aliyekuwa amesimama pamoja na wengine tangu king'ora kilipolia. Alikaa chini, akaweka kofia yake ngumu juu ya magoti. "Nilikuwa na woga," alisema. "Lampe niliiachia kule wakati mwamba inashuka. Nilisema batatafuta kidogo tu, bataona lampe, batarudia. Nilikuwa na woga, bandugu." Hakuna aliyempiga. Mmoja alitema mate kando yake. Baba alikuwa amekwisha kushika simu ya ukutani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimsikia akipaza sauti: batoke, bote, mara moja, muntu haiko.

Walipanda. Yaya Kasongo alikuwa wa mwisho, kwa kuwa alikuwa mbele. Kucha zake zilitoka damu. Aliponiona aliuliza, "Njo weye, wa tisa mbili?" nikamwambia zilikuwa saba.

Kilichofuata watu wa kambi walikisimulia kwa kicheko kwa miaka mingi, na mimi pia nimewahi kucheka. Jua lilipokuwa linatua, Tata Mwepu aliingia mtaani akisukuma baiskeli, shati jeupe limekuwa la rangi ya njia, na juu ya keria, ameshikilia kitita cha nguo, mama yake mzazi, bibi wa umbo dogo sana aliyeshuka kwenye treni ya Dilolo. Alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda kumpokea, akanyimwa. Treni ile haikuwa na saa, na bibi alikuwa mgonjwa na hajui mji. Alifika kwake akakuta mikeka, wageni, na moto wa msiba. Wanawake wawili ambao habari njema haikuwa imewafikia waliruka ukuta. Bibi akauliza nani amekufa. Ngoie ndiye aliyemjibu, bado amekaa palepale: "Tata."

Sehemu iliyobaki haikuwa na kicheko. Tata Mwepu na Sakatu walifukuzwa kazi juma lilelile, na anayefukuzwa kazi hufukuzwa nyumba. Lori liliwachukua kwenda Sandoa. Ngoie hakuniaga, alipanda juu ya magunia, akanipa mgongo. Nilimwendea baba yake na penseli, nimeifunga kwenye kipande cha karatasi. Nilitaka kuirudisha. Sikuwa nimetimiza sharti lake.

Aliitazama, akaitazama sura yangu. Alikuwa amekonda kwa siku chache zile.

"Shika yako, Profesa," alisema. "Muntu haitoe muntu mu shimo kisha anamulipa kreyo."

Alisema kwa utani, kama kawaida yake, na ndiyo maana sijawahi kujua kama alinisamehe. Nimejiuliza pia, nikiwa mtu mzima mwenye shahada na maneno mengi, kama ningekwenda langoni siku ile iwapo Yaya asingekuwa chini. Wengine watano walikuwa chini pamoja naye, baba za watoto wengine. Ningependa kujibu ndiyo. Sina hakika.

Kuhusu baba, hakuna aliyemlazimisha. Sakatu alikuwa tayari kusema kwamba taa ya pili aliiiba juu ya meza. Wakubwa wangeridhika. Lakini kitabu cha zamu kilikuwa kwa baba, na aliandika ndani yake kwa mkono wake kwamba taa mia mbili na kumi na nne aliitoa yeye, kwa mtu asiyekuwa mwenyewe, bila kuuona uso wa mwenyewe. Walimtoa chumba cha taa, wakampeleka uwanjani kupanga bolti kwa ukubwa. Harufu ya asidi ilitoka katika nguo zake kidogo kidogo, kufua baada ya kufua, mpaka siku moja alipoingia nyumbani na sikugeuka, maana hakuna kilichomtangulia kuniambia kwamba ni yeye.

Siku aliyokabidhi funguo alileta yaliyokuwa kabatini mwake: kikombe, taulo, na zile kurasa za majibu, zimekunjwa mara nne. Aliziweka mezani mbele yangu, akakaa. Sikuzifungua. Nilimletea ile karatasi ya sementi, sasa imelegea kama kitambaa, na nikamwonyesha saba mbili.

Hakutazama mstari wa mwisho hata kidogo. Kidole chake kilirudi nyuma polepole, tarakimu kwa tarakimu, mbili, tisa, mbili, kikiuliza kila moja ilitoka wapi, mpaka kikasimama katika mraba wa kati.

"Hii saba," alisema. "Uliijua, ao uliiwaza?"

"Niliwaza, tata."

"Mi pia," akasema.

Akachukua penseli ya Tata Mwepu, akaigeuza upande wa raba, akafuta taratibu mpaka karatasi ikaanza kutoa vinyweleo. Kisha akapuliza vumbi, akanisogezea karatasi, na pale katikati akawa ameacha fasi bule.